Jina Langu Lilivyogeuka Neno

Ningepaswa kusema hapana. Sikusema, na ni heri nianzie hapo, kwa sababu nyinyi vijana wa kundi letu la filamu mmenisihi niandike jinsi kazi yetu ilivyoanza, na sitaki muisome kama habari ya mtu aliyejua anachofanya.

Tulikuwa jikoni kwa Bahati, mtaa wa South End, Louisville, hapa Marekani. Wakati huo Bahati alikuwa mpiga picha wa harusi siku za Jumamosi na mpanga maboksi ghalani siku nyingine zote. Alikuwa amenunua kamera mpya, na alikuwa ameandika hadithi ya mume na mke ambao zamu zao za kazi zimepishana. Wanaachiana ujumbe kwenye mlango wa friji, mpaka mume anaanza kumzoea mwanamke mmoja wa kazini anayemsikiliza. Mume ni mimi. Mwanamke wa kazini ni Riziki, mjane wa makamo, mtunza wazee, mwenye kicheko kinachosikika kabla hajaingia mlangoni. Katika hadithi mimi niliitwa Petro na yeye Sofia. Lakini kila kamera ilipowashwa, nilimwita Riziki.

"Papa, Sofia! Huyu ni Sofia!"

"Najua."

"Bon, kama unajua, umuite."

Nikamwita Riziki. Yeye akacheka mpaka maikrofoni ndogo ikamdondokea ndani ya blauzi, ikabidi aende chooni kuitafuta.

"Donc tuache hii mambo," Bahati akasema, amechoka. "Kila mtu abaki na jina yake. Papa, wewe utakuwa Yonasi. Iko shida?"

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amekuja kutupikia. Aligeuka kutoka kwenye jiko, mwiko mkononi. "Iko shida," alisema. "Akikosa kukamata jina, mupatie muda. Musiweke jina ya mutu mule."

Nilimsikia vizuri. Ukweli ni kwamba nilitaka. Tangu tufike nchi hii nilikuwa nimeitwa Johnny, Jonah, na siku nyingine "wewe wa mashine ya pili". Nilitamani jina langu litamkwe kwa sauti, mbele ya watu, na mtu anayelitamka awe ananihitaji. Basi nikasema, "Hakuna shida," na Bahati akawasha kamera.

Mambo ya kiwandani sitayaandika, kiwanda mnakijua. Nitaandika ya kamera. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeigiza mara moja tu, shule ya sekondari, huko Kivu Kusini, nilipopewa nafasi ya Herode kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu. Nilidhani kuigiza ni hiyo sauti. Siku ya kwanza kwa Bahati nilipaza kiasi kwamba jirani wa juu aligonga sakafu, na mlio huo umo ndani ya filamu mpaka leo.

Mengi tulijifunza kwa kukosea. Friji inanguruma, na sikio la mtu halisikii, lakini maikrofoni inasikia. Kwa hiyo tulichomoa waya wa friji, na Jumapili ya kwanza tulisahau kuurudisha. Nyama yote ya Bahati ikaharibika. Tangu hapo mwenye gari huweka funguo zake ndani ya friji kabla ya kuizima. Hawezi kwenda nyumbani bila kuifungua, na akiifungua anakumbuka. Hilo likawa la kudumu. Kuna pia kile king'ora cha moshi darini kinacholia "tii" kila betri inapoisha. Katika nyumba za watu wetu betri huwa imeisha siku zote na hakuna anayesikia tena. Msianze kazi kabla hamjaangalia dari.

Lakini katika filamu ile kulikuwa na kitu kimoja kizuri, na nitakisema bila haya. Mume anakaa na Riziki kwenye meza ya chakula ya ghalani. Bahati alikuwa ameandika maneno mengi, nikayasahau yote. Nikawa namenya chungwa tu. Nikasema lililonijia: "Mimi nyumbani nimekuwa kama kabati. Wanapita, wanachukua nguo, wanafunga." Riziki alichukua kipande cha chungwa mkononi mwangu akala. Bahati alisahau kusema "kata" mpaka chungwa likaisha.

Sasa bango. Bahati alikuwa ameona kwamba filamu za huku huandikwa umri wa watazamaji. Naye alitaka watu wajue kwamba hadithi yake si ya kichekesho, si ya watoto kukimbizana na majirani. Ni habari ya ndoa, upweke na tamaa, mambo ambayo mtoto hawezi kuyaelewa. Kwa hiyo chini ya picha yangu na Riziki, tumekaribiana kwenye meza ile, chungwa limekatwa nje ya picha, akaandika kwa herufi kubwa: FILAMU YA WATU WAZIMA. Na chini yake: YONASI NA RIZIKI.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa. Tulilitazama bango, tukalisifu, tukalituma kwenye simu za watu. Kesho yake lilikuwa limefika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Uvira na kwa shemeji yangu ambaye hatukuwa tumezungumza tangu ugomvi wa mbuzi. Alinipigia. Hakusalimu. "Yonasi, na umri huo?"

Mchungaji wetu aliniita Alhamisi. Alikuwa mtu mpole, na alihangaika sana kutafuta pa kuanzia.

"Sijaiona," alisema, "lakini nimeisikia."

"Mchungaji, iangalie. Hakuna kitu ndani yake ambacho huwezi kukiona."

"Nitaangaliaje filamu ya watu wazima, mimi mchungaji?"

"Kwani wewe si mtu mzima?"

Alinitazama kwa huzuni kama nimemtukana. Nikaambiwa nipumzike uzee wa kanisa kwa muda. Muda huo haukutajwa utaisha lini.

Nyumbani Mama Neema aliiangalia filamu yote peke yake, miguu juu ya kochi, bakuli la karanga mapajani. Ilipoisha aliniita. "Sasa nieleze," alisema. "Banasema ni filamu ya uchi. Mbona sweta niliyokununulia haijatoka mwilini tangu mwanzo hadi mwisho? Hata viatu hukuvua!" Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaweka bakuli chini. "Lakini hii ya jina, nilikuambia."

Aliyepata taabu zaidi yangu alikuwa Riziki. Wanaume ambao hawakumjua walianza kumpigia. Alifunga namba zao moja baada ya nyingine, na alipochoka alihamia Buffalo kwa dada yake. Nilikwenda kumuaga na kumwomba radhi. Alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti.

"Mzee, wewe ulisema neno ya kabati ile bila mutu kukufundisha," alisema. "Mimi nilikula chungwa bila mutu kuniambia. Tulifanya kazi. Bango si kazi, bango ni karatasi." Kisha akanipa sufuria yake kubwa kwa sababu haikuingia kwenye gari.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus. Binti yetu Neema alikuwa amepata kazi hospitali huko, na mama yake alitaka kuwa karibu naye. Mimi nilitaka kuwa mahali ambapo bango halijafika. Nilipata kazi katika ghala la nguo, nikajiapiza kwamba kamera basi.

Siku moja nilikuwa dukani, duka la vyakula vya kwetu, nimeshika mfuko wa ndagaa. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanapiga soga, wanawake wa heshima, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Mume wangu hawezi kufanya Yonasi," mmoja alisema. "Zamu yake ni wanaume tu."

"Heh! Wangu ninamuangalia. Akianza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kazini, ninajua: Yonasi inakuja."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasimama pale nikisoma maandishi ya mfuko wa ndagaa. Lakini walirudia, bila kejeli, kama mtu anavyosema kufua au kupika. Jina langu lilikuwa limegeuka neno. Kufanya Yonasi, maana yake mume kuwa na mtu wake kazini. Waliolitumia hawakujua kwamba kuna Yonasi, wala kwamba amesimama mbele yao kwenye foleni, na wala hawakuwa wameiona filamu. Nilirudisha ndagaa kwenye rafu, nikatoka.

Nilipomweleza Neema, sikumwona akishangaa. "Papa, hata vijana wa hapa wanasema," alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akiona jambo ni gumu. "Nilidhani unajua."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaliwa. Heshima yangu kanisani ingerudi au isingerudi. Hilo niliweza kulivumilia. Lakini Neema alikuwa mtoto wangu wa pekee. Alikuwa amechumbiwa, na kwetu jina la baba halibaki kwa baba. Linapelekwa mbele: mtoto wa kwanza wa kiume wa binti yako hupewa jina lako, na anaitwa "majina yangu", na unamheshimu kama unavyojiheshimu. Mimi mwenyewe nilipewa Yonasi hivyo, kutoka kwa baba wa mama yangu. Nilikuwa nimelichukua jina la mzee yule, nikalitia kwenye bango.

Siku wakwe walipokuja kuzungumza mahari, msemaji wao alikuwa mtu mzima mwenye adabu nyingi. Aliuliza habari za ukoo, akawataja wote kwa majina. Alipofika kwangu aliniita "Baba Neema". Akaniita hivyo mwanzo mpaka mwisho, hakuteleza hata mara moja. Kijana mmoja wa upande wao, karibu na dirisha, aliinamisha kichwa akaminya midomo. Neema aliona. Mazungumzo yalikwenda vizuri, tukala, tukaomba, wakaondoka kwa furaha. Adabu ya mzee yule iliniuma kuliko kicheko cha kijana.

Ndoa ilifungwa, na ni ndoa nzuri. Nami nilikuwa nimekaa bila kamera mpaka nilipokutana na Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni Mtanzania, wa Tanga, alikuwa amefundisha maigizo shuleni kwa miaka mingi na kumfuata mwanawe aliyekuwa anasoma Columbus. Alikuwa na kikundi cha akina mama wanaoigiza katika chumba cha chini cha kituo cha jamii. Mama Neema alinipeleka huko kwa ujanja, akisema tunakwenda kwenye mkutano wa bima. Nikaambiwa nisome nafasi ya baba aliyefiwa. Nilisoma. Nilipomaliza, Bi Mwanaidi alivua miwani.

"Mzee Yonasi, shikamoo yangu umeshaipokea, kwa hiyo nitasema kweli. Unaigiza kama mtu anauza dawa ya mende."

Akina mama wakaanguka kwa kicheko. Mimi pia, baada ya kidogo.

"Umeshika huzuni mbele kama beberu wa mnadani," aliendelea. "Mtu mwenye huzuni haionyeshi. Anaificha, na anafanya kazi. Menya vitunguu hivi. Usilie. Ukijisikia kulia, menya kwa kasi."

Nilimenya. Maneno yale yale yalitoka kama ya mtu mwingine. Nikakumbuka chungwa la Louisville, nikaelewa kwamba siku ile nilifanya vizuri bila kujua nimefanya nini. Bi Mwanaidi alinifundisha kujua. Kila mwigizaji apewe kazi ya mikono, kazi halisi, yenye mwisho: kukunja, kumenya, kufunga, kushona kifungo. Mpe pia kitu kimoja anachotaka kutoka kwa mwenzake na ambacho haruhusiwi kukiomba. Yaliyo moyoni yatatoka yenyewe pembeni ya kazi hiyo. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya uigizaji. Mengine ni betri na funguo ndani ya friji.

Nilimweleza habari ya bango. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Filamu ya watu wazima? Kwetu hiyo maana yake ni uchi."

"Kwetu pia," nikasema. "Tulisahau."

Alicheka, halafu akawa makini. Kati ya mambo yake, alikuwa na desturi ya kumpa kila mwigizaji jina la kuigizia kabla hajapewa neno lolote la kusema. Alilitamka mara nyingi mpaka mtu aligeuka akiitwa. Mimi niliongeza la kwangu, na hili nyinyi mnalifanya bila kujua lilikotoka. Kazi ikiisha, tunasimama wote. Naita jina la kwenye hadithi: "Petro!" Hakuna anayeitikia. Kisha naita jina la kuzaliwa la mwigizaji, naye anasema, "Nipo." Hakuna kwenda nyumbani kabla ya kusema nipo. Wageni hudhani ni mchezo. Mimi nimeona mama aliyeigiza mfiwa siku nzima akishindwa kuitikia jina lake mpaka tumwite mara kadhaa, na tulikaa naye mpaka akaweza.

Riziki ndiye aliyetupeleka Buffalo. Alipiga simu: Bahati naye amehamia huko, anafanya kazi kiwandani Tonawanda, kando ya mji, ameandika hadithi mpya, na hawana mtu wa kufundisha waigizaji. "Na wewe, Mzee, uko unakunja nguo ya watu bure," alisema. Mama Neema alikuwa ameshaanza kufunga mabegi kabla sijakata simu. Kiwanda cha Tonawanda kilinichukua pia, na huko ndiko nilikostaafia.

Hadithi ya Bahati iliitwa *Kitanda Upande wa Ukuta*. Ni habari ya mume na mke waliofika salama na watoto wao, wana nyumba, wana kazi, na hawawezi kugusana. Mke, ambaye Riziki alimwigiza kwa jina la Elizabeti, alikuwa amelala upande wa mlango usiku watu wenye silaha walipoingia kijijini. Hadithi haisemi zaidi, na sikumruhusu Bahati aseme zaidi. Miaka imepita, nchi imebadilika, na kitanda kipo katika chumba chenye joto. Lakini yeye bado hulala upande wa mlango kwa sababu ndivyo kitanda kilivyowekwa, na hakuna aliyemuuliza.

Mume aliigizwa na Sadoki, kiongozi wa kwaya, jitu la mtu, lenye sauti ya kujaza uwanja. Sadoki ndiye mtihani mgumu kuliko yote niliyowahi kupewa. Kila neno lake lilikuwa mahubiri. Akisema "nipe chumvi", ungetaka kutubu.

"Sadoki, mke wako yuko hapa. Karibu. Mbona unaongea na watu wa nyuma?"

"Papa, nikipunguza, roho inatoka."

"Acha itoke. Tutaona kinachobaki."

Riziki akadakia kutoka kitandani alikokuwa amekaa, "Mimi nitazibua masikio kwanza."

Nilimpa kikapu cha nguo zilizotoka kukauka. Nikamwambia, "Kunja zote. Katikati utakuta gauni lake la kulalia. Wakati unalikunja, muulize: Unapenda kulala upande gani? Basi." Mara ya kwanza alihubiri. Mara ya pili alihubiri kwa upole. Kisha gauni likamsumbua. Ni kitambaa cha kuteleza, na mikono yake ni mikubwa; kila akikunja linafunguka. Akasahau kamera, akasahau kwaya, akawa mtu anayepambana na gauni. Swali likamtoka akiwa ameinama, sauti ndogo, karibu na aibu: "Elizabeti. Unapenda kulala upande gani?"

Riziki hakuwa na neno la kujibu katika hadithi. Alitazama mlango. Kisha akatazama ukuta. Hakulia. Alichukua soksi moja kwenye kikapu akaanza kutafuta mwenzake.

Nilijua tumepata. Bahati naye alijua, alikuwa ameuma kola ya koti lake ili asitoe sauti.

Sasa tukafika kwenye jambo ambalo kila mtu alikuwa analikwepa: mapenzi. Hadithi ni ya mume na mke na kitanda. Sadoki ni mume wa mtu, Riziki ni mama wa watoto wazima, na kila mmoja anaimba kanisani. Bahati alipendekeza taa izimwe. Nikasema taa ikizimwa watu watafikiria bango la Louisville. Mama Neema, anayekuja kupika na kubaki kutawala, ndiye aliyesema: "Muache abadilishe tu nafasi. Mwanamke atajua ni nini."

Ndivyo tulivyofanya. Asubuhi, dirisha lina mwanga wa theluji. Mume anamwamsha mke, anamwomba asimame. Anakivuta kitanda mpaka kinagusa ukuta. Anamwonyesha upande wa ukuta. Yeye analala upande wa mlango, uso kwa mlango, viatu vyake sakafuni chini yake. Mke anasimama muda mrefu. Kisha anapanda, na anaweka mkono wake mgongoni kwa mume. Hapo tunakata. Theluji ilituletea taabu. Siku ya kwanza ilikuwa imejaa dirishani, siku ya pili imeyeyuka, na ikabidi Bahati aipandishe kwenye kioo kwa koleo. Ukiangalia vizuri utaona alama ya kidole chake. Usiangalie vizuri.

Tulipomaliza nikaita, "Elizabeti!" Kimya. "Riziki!"

"Nipo," akasema, na sauti yake ilikuwa yake.

Kuhusu bango kukawa na mkutano. Mimi nilitaka tuandike "kwa waliooa na walioolewa". Riziki alikataa. "Tutaandika neno ile ile," alisema. "Filamu ya watu wazima. Wakati huu hakuna jina ya mutu juu yake. Bakuje, baone watu wazima ni nini." Sikuwa na haki ya kumbishia. Tukaandika.

Ukumbi ulikuwa jirani na Grant Street, juu ya duka. Ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na najua kwamba nusu yao walikuja kwa sababu isiyo sahihi. Vijana walikuja wakisukumana. Wazee walikuja wamejifunika kofia. Mchungaji wa Sadoki alikuja akakaa mbele kabisa, mikono kifuani, tayari kusimama. Neema na mumewe walikuja kutoka Columbus, naye alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Nikampa kiti cha pembeni ili aweze kunyoosha miguu.

Kwenye gauni la kulalia watu walicheka, kama tulivyotaka. Kwenye swali wakanyamaza. Kitanda kilipoanza kuburutwa, ile sauti ya miguu ya kitanda juu ya mbao, mama mmoja katikati ya ukumbi alisema kwa sauti, "Ee, baba, kisukume," kama anamsaidia. Na Riziki alipoweka mkono mgongoni kwa mume, hakukuwa na mtu aliyesukumana. Wanawake walianza kupiga vigelegele kabla taa hazijawashwa. Mzee mmoja aliyekuja na kofia alinishika bega njiani. "Kile nilichokuja kuangalia sikukiona," aliniambia. "Na sirudi mikono mitupu." Mchungaji alibaki ameketi. Baadaye tulisikia kwamba aliomba kuonyesha filamu kwa watu wanaojiandaa kufunga ndoa.

Ile kazi tumeionyesha Columbus na tumeionyesha Louisville, South End ileile. Huko, mchungaji wangu wa zamani aliiona kwa macho yake, akanipa mkono, akaniuliza lini narudi kwenye uzee wa kanisa. Nikamwambia ninaishi mbali sasa. Sadoki ameigiza mara nyingine na hahubiri tena, isipokuwa Jumapili. Riziki ndiye anayewafundisha nyinyi, na mnajua jinsi anavyotukana kwa upendo. Nimeiacha kazi hii ya kamera nikiwa nimeridhika nayo kama ninavyoridhika na mambo machache maishani.

Usiku ule wa Buffalo, Neema alinishika mkono mpaka garini. Alikuwa amelia, macho yamevimba. "Papa, umeweza," alisema kwa Kiswahili, mara mbili. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia jambo zuri zaidi. Nikadhani yameisha.

Alijifungua mtoto wa kiume. Tulikwenda Columbus, nikambeba. Sikutaka kuuliza jina lake, lakini niliuliza.

Neema alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. "Papa, ninakupenda," alisema. "Lakini atasoma shule gani ambayo haina Mkongomani? Siku ya kwanza tu, mtoto mwenzake atakwenda nyumbani aseme, nimekaa na Yonasi. Na mama yake atacheka. Nitamwambia nini mwanangu, kwamba ni neno tu?"

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Alikuwa amefikiri, na alikuwa na haki, na ningekuwa mama ningefanya vilevile. Mtoto anaitwa Simeoni, jina la baba wa mume wa Neema, mtu mwema ambaye hakuwahi kukaa mbele ya kamera. Ninampenda, na yeye ananipenda; ananiita Babu.

Neema amesema hatazaa tena. Kwa hiyo jina nililopewa na baba wa mama yangu linaishia kwangu. Watu wetu wataendelea kulitamka, Louisville, Columbus na Buffalo, na hakuna mmoja atakayekuwa ananiita mimi. Hicho ndicho nilichokipoteza nilipomjibu Bahati kwamba hakuna shida: mtoto wa kuchukua jina langu.